Mwongozo kamili wa kufanya utafiti Kigoma, kuanzia swali mpaka kurudisha majibu kwa waliokupa taarifa

Wadogo zangu wa vyuo na nyie mnaofanya utafiti wa mashirika, hii naiandika kwa ajili yenu mnaokuja huku mwisho wa reli na madodoso kwenye begi. Mnakuja kuuliza dagaa, malaria, mihogo, wakimbizi, sokwe, kila kitu, na karibuni sana, lakini nenda mwalo wa Kibirizi umuulize mama yoyote anayeanika dagaa kama ashawahi kuhojiwa, atakwambia ndiyo, alafu muulize majibu yake yalienda wapi uone atakavyokuangalia. Kwangu mimi taarifa ya mtu ni mkopo. Umekopeshwa muda wake, siri zake na akili yake, kwa hiyo hatua zote ntakazotaja hapa, hata zile za vibali na za kuhifadhi mafaili, zisome ukiwa na huyo mama kichwani.

Hatua ya 1: pata swali, usibebe mada

"Changamoto za wavuvi wa Ziwa Tanganyika" hiyo ni mada na haijibiki. Swali ni kama hili: wanawake wanaonunua dagaa wabichi mwalo wa Katonga wanaamuaje wauze leo leo au waanike? Hapo unajua umuulize nani, wapi, kuhusu nini, na unajua ukipata jibu gani utakuwa umemaliza. Kabla hujalipenda sana swali lako soma walioandika kabla yako. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao hapa hapa Kigoma na ziwa hili limeandikwa sana, usije ukauliza kitu ambacho kina jibu miaka 20 iliyopita. Majarida ya Afrika yapo kwenye tovuti ya AJOL na mengi unasoma bure, vyuo vyetu vikuu vina hifadhi za tasnifu mtandaoni, na kama chuo chako kimejiunga na Research4Life, mpango wa kuvipa vyuo vya nchi kama yetu majarida, unafungua majarida makubwa ya nje bila kulipa, kamuulize mkutubi maana wengi hawajui kama ipo. Makala ikiwa imefungwa muandikie mwandishi mwenyewe email fupi ya heshima, wengi wanatuma.

Alafu kalenda. Uvuvi wa dagaa hapa ni wa taa, kwa hiyo wavuvi wanaingia ziwani kwenye giza na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Ukija siku za giza kumhoji mvuvi mchana utamkuta amelala au ana usingizi anakujibu ilimradi uondoke. Njoo mbalamwezi, anashona nyavu, ana muda, mnaongea vizuri. Wanawake wa dagaa ni kinyume chake, ukitaka kuona wanavyonunua na kupanga bei lazima uwepo asubuhi mapema za siku za giza mitumbwi ikirudi. Na uangalie kama ziwa liko wazi, mwaka 2024 upande wa Tanzania lilifungwa miezi 3 kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, sasa mtu aliyelinganisha kipato cha Juni 2024 na cha Juni mwaka mwingine bila kusema hilo amepima kufungwa kwa ziwa akidhani amepima kitu kingine.

Hatua ya 2: andiko (mpango wa utafiti ulioandikwa) na sampo

Wanafunzi wengi wanaikimbilia fomula ya Yamane ya kujua uhoji watu wangapi, chukua idadi ya watu gawa kwa moja jumlisha idadi mara kosa la kipeo cha pili. Wakiwa 600 na kosa ni 0.05 unapata 600 gawa kwa 2.5, watu 240. Sawa, hesabu iko sahihi, ila fomula inadhani umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Kama hizo 240 umezipata kwa kusimama mwaloni na kumshika kila anayepita, namba haikuokoi, umehoji watu wanaopita mwaloni saa uliyosimama wewe, basi. Kaombe orodha ya wanachama kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi wa mwalo) au kwa mtendaji, uipe namba, uchague kwa bahati nasibu. Kama orodha hamna, sema wazi kwenye andiko kwamba umetumia waliopatikana na usiseme majibu yako ni ya mkoa mzima.

Kama utafiti wako ni wa mazungumzo ya kina hauhitaji watu 240. Mtafiti Guest na wenzake mwaka 2006 walionyesha kwamba kwa kundi la watu wanaofanana mambo mengi makubwa yanakuwa yashajitokeza ndani ya mahojiano 12. Lakini neno ni wanaofanana, ukichanganya wavuvi, wachuuzi na wenye mitumbwi hayo ni makundi matatu.

Ukishamaliza andiko, hasa kama unapima kitu kwa namba, liweke kwenye tovuti ya OSF, inayosajili mipango ya utafiti, kabla ya kukusanya data likiwa na tarehe. Ni bure, na linakulinda wewe mwenyewe, maana kesho mtu akisema umebadilisha swali baada ya kuona majibu unamuonyesha.

Hatua ya 3: vibali, na hapa usikate kona

Kibali cha maadili na kibali cha kufanya utafiti ni vitu viwili tofauti. Maadili ni kamati inayoangalia kama utafiti wako utaumiza watu. Kwa mambo ya afya ngazi ya taifa ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na vyuo vingi vina kamati zake. Ruhusa ya kufanya utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ila kama we ni Mtanzania na ni mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo kikuu, kwa kawaida chuo chako ndo kinakupa hiyo barua. Mgeni kutoka nje anapitia COSTECH mwenyewe na anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Wanyamapori ongeza TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), ndani ya hifadhi kama Gombe na Mahale ongeza TANAPA (wasimamizi wa hifadhi za taifa). Kwenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu huingii bila ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani, usimwamini mtu anayekwambia ana njia yake. Ukitaka kutoa sampo za samaki au mimea nje ya nchi kuna kibali chake na makubaliano ya maandishi ya nani anamiliki nini, anza mapema sana.

Baada ya hapo barua inashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti. Kila ofisi inakupa barua ya kwenda ofisi inayofuata. Chapisha nakala nyingi, vaa vizuri, salimia, kaa usubiri. Weka nafasi ya wiki kadhaa kwenye ratiba yako kwa ajili hii tu. Watu wanaona hii ni usumbufu lakini mtendaji ndo mtu atakayepigiwa simu na mwananchi aliyekuogopa, na akiwa hakujui hana namna ya kukutetea.

Hizi kamati hazikutoka hewani. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa unavyoendelea bila kuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana hawakupewa. Ripoti ya Belmont ya 1979, ya Marekani kuhusu maadili ya utafiti, ikaja na mambo matatu, kumheshimu mtu, kumtendea mema, na haki. Kwahiyo kamati ikikurudishia andiko lako usinune.

Hatua ya 4: ridhaa ya kweli

Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndo panaharibika zaidi. Mtu anafika na mtendaji wa kijiji, mtendaji anamwita mama "njoo uhojiwe na huyu kijana wa serikali", mama anakaa, anasaini, imeisha. Hiyo sio ridhaa, huyo mama hakuwa na nafasi ya kukataa. Mtendaji akutambulishe alafu umuombe kwa heshima awaache, na wewe useme mwenyewe umetoka wapi. Kitu kama hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, nasoma chuo fulani, sio mtu wa serikali wala wa mradi. Nafanya utafiti kuhusu bei ya dagaa, naomba tuongee kama nusu saa. Hamna mkopo wala msaada unaokuja baada ya haya maongezi, nisije nikakudanganya. Jina lako siandiki. Swali usilolitaka unaliruka, ukichoka tunaacha, na wa BMU au wa kata hataambiwa ulichosema. Ukikataa ni sawa kabisa na hamna atakayejua. Sasa mama, hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe, umenielewaje?"

Hilo swali la mwisho usiliruke hata siku moja. Akikujibu "umekuja kutuandikisha", ujue hajaelewa, rudia. Na ile sentensi ya kusema hamna msaada ni muhimu huku kwetu kwa sababu mashirika yamepita mengi, mtu akiona karatasi na kalamu anajua kuna kitu kinakuja, na atakupa majibu ya kuonekana anahitaji.

Lugha nayo. Mjini Kiswahili kinatosha, ukienda vijijini Kasulu au Buhigwe kuna bibi atakusikiliza Kiswahili chako na kutikisa kichwa wakati anafikiri kwa Kiha. Fomu ya ridhaa itafsiriwe Kiha, alafu mtu mwingine ambaye hajaona ya mwanzo airudishe Kiswahili, mlinganishe. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemchagua yeye, aweke dole gumba. Chini ya miaka 18 mzazi anakubali NA mtoto mwenyewe anakubali, mtoto akigoma basi hata kama baba kasaini.

Kuhusu hela, kumfidia mtu nauli na muda wake ni haki, lakini iwe imeandikwa kwenye andiko, iwe sawa kwa wote, na isiwe kubwa kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukataa.

Hatua ya 5: usalama wako, wa msaidizi wako, na wa unaowachunguza

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na lina mawimbi yake. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unavuma kweli kweli. Ukipanda boti Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini vaa jaketi la kuokolea, lisifungwe kwenye begi, mwambie mtu mmoja mjini unaenda wapi na unarudi saa ngapi, nahodha akisema leo hatuendi basi hamuendi. Kuna kichocho kwenye maji yaliyotulia ya pembeni, kama kazi yako inakuingiza majini vaa buti na ukirudi kapime. Chandarua beba chako.

Msaidizi wako wa utafiti ni binadamu kama wewe. Usimtume binti peke yake nyumba kwa nyumba jioni, mpe hela ya bodaboda na vocha kabla na sio baada, na kama mnahoji watu waliofiwa au waliopitia ukatili mpange mapema nani atawasaidia wahojiwa na nani atamsikiliza yeye msaidizi usiku akiwa hawezi kulala.

Sokwe wa Gombe na Mahale wanaambukizwa mafua yetu na yanawaua. Ndo maana Mahale unavaa barakoa na unakaa mita 10. Una kikohozi? Baki kambini, hata kama umesafiri kutoka bara lingine. Na ukitaka sampo za magonjwa yao, kinyesi na mkojo uliookotwa chini vimetoa majibu makubwa sana kuhusu virusi vya sokwe wa Gombe bila kumchoma mnyama yoyote sindano.

Gombe pia inatufundisha jambo lingine. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale 14 Julai 1960, na ndizi walizokuwa wanapewa sokwe miaka ile mpaka leo wasomi wanabishana kama zilibadilisha tabia zao, yaani ukiingia fildi tayari umeshagusa unachokipima, andika umegusa nini. Mwezi Mei 1975 wanafunzi wanne wa nje walitekwa pale na waasi waliovuka ziwa, baadaye wakaachiwa, na utafiti haukufa kwa sababu wasaidizi Watanzania waliendelea kufuata sokwe na kuandika kila siku. Hilo likumbuke tukifika kwenye majina ya waandishi.

Hatua ya 6: kukusanya na kutunza

Jaribu dodoso kwa watu wachache wasiokuwemo kwenye sampo. Utagundua maswali mabovu siku hiyo hiyo. "Unapata kiasi gani kwa mwezi?" kwa mama wa dagaa halina jibu, hela yake haiendi kwa mwezi wa mshahara. Uliza "giza lililopita ulinunua mabeseni mangapi, beseni ulichukua bei gani", na lile beseni lenyewe lipime kwenye mizani maana beseni la Katonga na la Kibirizi sio lazima yalingane.

Kobo, programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi kwenye simu bila mtandao, ukifika penye mtandao unatuma, simu iwe na nywila. Majina na namba za simu viwe faili moja, majibu faili lingine, vinaunganishwa na namba ya siri ya kila mhojiwa tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabika nyeti zaidi, pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti, kwa hiyo kumtumia sapavaiza aliye Ulaya rekodi za sauti kwenye WhatsApp usifanye.

Mfano wa kukuonyesha uzito wake. Mvuvi anakwambia usiku anatumia kokoro (nyavu ya kuburuta), na kokoro ni marufuku. Ukiandika jina la mtumbwi wake, au ukapiga picha ufukwe na simu ikahifadhi mahali ulipo, umemuuza. Kufuta jina hakutoshi kwenye kijiji kidogo: "mwenyekiti mwanamke, miaka 50 hivi, mwenye mitumbwi miwili" kila mtu pale anajua ni nani. Unganisha makundi, umri uwe kwa miaka kumi kumi, kijiji kiwe "kijiji cha kaskazini mwa mji". Na usimuahidi mtu siri ambayo huwezi kuitunza, kama kuna jambo ambalo sheria itakulazimisha kuripoti, mathalani mtoto anaumizwa, mwambie kabla hajaanza kuongea.

Hatua ya 7: uchambuzi bila kupika

Faili la mwanzo usiliguse kamwe, fanya nakala. Kila unachofuta au kurekebisha andika kwa nini. Matokeo yasiyokupendeza yanaandikwa pia. Makala ya Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji iliondolewa na jarida lake mwaka 2010, miaka 12 baadaye, na hofu yake bado inatembea mpaka leo kwa wazazi, namba zilizopikwa haziishii kwenye karatasi.

Kuhusu kulipa mtu stationery akuandikie tasnifu: usifanye, na nyie mnaowaandikia acheni. Programu za akili mnemba ukizitumia kunyoosha lugha sema umezitumia, ila usizilishe mahojiano ya watu, mama hakuridhia hilo.

Hatua ya 8: majina, jarida, na kufungua data

Aliyechangia wazo au data kwa maana, akashiriki kuandika au kukosoa rasimu, akakubali toleo la mwisho na yuko tayari kuwajibika kwa kazi, huyo ni mwandishi. Bosi aliyesaini barua tu sio mwandishi. Na msaidizi wa hapa aliyekaa fildi, akatafsiri, akakufundisha kwamba swali lako la mshahara halifai, mpe rasimu mapema asome na achangie, usimuache kwenye mstari wa shukrani kwa sababu hukumpa nafasi ya kufikia hayo masharti.

Majarida feki yanakutumia email ya kukusifia, yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, na ada unaambiwa ukiwa ushakubaliwa. Angalia kama jarida lipo AJOL au DOAJ (orodha ya majarida huria), fungua makala zake mbili tatu uzisome, muulize mkutubi. Jarida la kweli linaweka ada zake wazi, na mengi yanasamehe au kupunguza kwa nchi kama yetu ukiomba.

Data iliyosafishwa ambayo haimtambulishi mtu iweke Zenodo, hifadhi ya data mtandaoni, ni bure na inakupa kitambulisho cha kudumu cha kunukuliwa. Iwe CSV (jedwali linalofunguka kwenye programu yoyote), na pembeni weka faili la maelezo: kila safu maana yake nini, beseni ni kilo ngapi, giza gani lilipimwa. Leseni ya CC BY inamruhusu mwingine kutumia mradi akutaje. UNESCO walipitisha pendekezo lao la sayansi huria Novemba 2021, ila uhuria una mipaka: rekodi za sauti haziwekwi, mahojiano ya wakimbizi hayawekwi, na mahali viumbe adimu walipo unaficha maana majangili nao wanasoma. Lakini cha msingi ni hiki, mhojiwa awe ameshaambiwa kwenye ridhaa kwamba data itafunguliwa. Kama hukumwambia, huna ruhusa ya kuifungua sasa.

Hatua ya 9: kurudisha

Iweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, nauli ya kurudi na kurasa mbili za Kiswahili zilizochapishwa. Rudi KABLA hujachapisha, kwa sababu watu watakusahihisha, watakwambia bei ile ilipanda kwa sababu barabara ilikatika na sio kwa sababu uliyoiandika wewe. Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji au kikao cha BMU, ongea dakika 15, ruhusu maswali mengi, uwe tayari kuulizwa "kwa hiyo sisi tunapata nini" na ujibu ukweli. Na kwa wanawake wa dagaa nenda mwaloni wenyewe, mkutanoni wengi hawafiki wana kazi. Nakala acha kwa mtendaji wa kata, halmashauri, na aliyekupa kibali maana wengi wanadai ripoti ya mwisho. Namba ya simu uliyoiacha kwenye fomu iendelee kupatikana. Na zile rekodi za sauti, tarehe uliyoahidi kuzifuta ikifika, zifute kwenye simu, kwenye laptopu na kwenye flashi ya msaidizi, alafu uandike kwenye daftari lako kwamba zimefutwa.